Methani na Umeme wa Tanzania: Kutoka Matanuru ya Ufipa hadi Bwawa la Rufiji

Methani ni gesi isiyo na rangi wala harufu, yenye atomu moja ya kaboni na nne za haidrojeni, ambayo huzaliwa popote ambapo mabaki ya mimea na wanyama huoza bila kufikiwa na hewa, na ndiyo hiyo hiyo inayojaza kwa sehemu kubwa visima vya gesi asilia vya pwani ya kusini mwa Tanzania. Alessandro Volta wa Italia aliikusanya mwaka 1776 kutoka katika matope ya Ziwa Maggiore, wakati ambapo kiasi chake hewani kilikuwa takriban sehemu 720 katika kila sehemu bilioni moja za hewa. Leo kiasi hicho kimepita 1,900. Gesi hii haidumu muda mrefu angani, kwa kuwa huvunjika baada ya miaka 12 hivi, lakini katika kipindi hicho kifupi huzuia joto kwa nguvu nyingi, kiasi kwamba tani moja ya methani, ikihesabiwa kwa kipindi cha miaka 100, ina uzito wa takriban tani 28 za kabonidayoksaidi, na ikihesabiwa kwa miaka 20 inazidi tani 80.

Mahesabu ya nchi kuhusu methani ya sekta ya nishati kwa kawaida huonyeshwa kama mstari mmoja unaopanda mwaka hadi mwaka, na msomaji asiyeelezwa vizuri hudhani kwamba mstari huo unapanda kwa sababu mitambo ya umeme imeongezeka. Kwa Tanzania dhana hiyo ni potofu, na upotofu wake huonekana waziwazi zaidi mtu akiitazama nchi kutoka upande wake wa mbali, yaani kutoka Kasanga, bandari iliyo ncha ya kusini-mashariki ya Ziwa Tanganyika, na kutoka uwanda wa juu wa Ufipa ulio nyuma yake, ambako umeme wa gridi ya Taifa ulichelewa kuliko karibu kila mahali pengine.

Methani ya umeme hutoka kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni mwako: fueli isipoungua yote, sehemu ndogo hutoka ikiwa methani. Ya pili ni uvujaji, yaani gesi inayoponyoka visimani, mabombani na kwenye vali kabla ya kufika katika mtambo, au inayotoka katika tabaka za makaa ya mawe yanapochimbwa. Ya tatu ni uozo ulio chini ya maji ya mabwawa. Kwa njia ya kwanza, Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi liliweka mwaka 2006 viwango vya kukadiria: kwa kila terajuli moja ya nishati iliyochomwa, mtambo wa gesi asilia hukadiriwa kutoa kilo 1 ya methani na mtambo wa dizeli kilo 3, ilhali mkaa hutoa kilo 200, na kuni za jikoni kilo 300. Tofauti hiyo inatokana na hewa. Ndani ya mtambo, moto hupewa hewa ya kutosha na joto kali; kwenye mafiga na ndani ya tanuru la mkaa lililofunikwa kwa udongo, moto hunyimwa hewa, na mti ulionyimwa hewa ukiwa motoni hutoa methani.

Ufipa uliujua moto wa namna hiyo kabla ya waya wowote wa umeme. Wahunzi wa Kifipa walijenga matanuru marefu ya udongo yaliyoitwa malungu, mengine yakimpita mtu kwa kimo, ambamo mawe ya chuma yaliyeyushwa kwa siku kadhaa kwa mkaa na kuni bila mivuo, hewa ikijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, kisha chuma kilichopatikana kikasafishwa katika tanuru dogo na kufuliwa majembe yaliyouzwa mbali. Kazi hiyo ilikula misitu mingi, na majembe ya kiwandani yaliyoletwa na wakoloni ndiyo yaliyoidhoofisha, hata katikati ya karne ya 20 ikawa imekwisha. Mfuko wa mkaa, hata hivyo, haukuondoka pamoja na wahunzi. Ulihamia katika majiko ya miji iliyokua, na kuni zikabaki katika majiko ya vijiji na katika machanja ya kubanikia samaki yaliyo ufukweni.

Wajerumani walipoweka ngome yao Kasanga na kuuita mji huo Bismarckburg, nguvu ya mashine iliyofika huko ilikuwa ya mvuke, na mvuke wenyewe ulichemshwa kwa kuni. Meli ya Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913, ikasafirishwa kwa vipande hadi Kigoma na kuzamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, iliopolewa na Waingereza na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ikawa inatia nanga Kasanga kwa miongo mingi. Haikubadilishwa kuwa ya dizeli hadi miaka ya 1970. Umeme wa hadhara ulikuwa umeanza Dar es Salaam mwaka 1908, ukihudumia karakana za reli na sehemu za mji walizokaa Wajerumani. Serikali ya Uingereza iliukabidhi kwa kampuni binafsi mwaka 1931, yaani DARESCO kwa Dar es Salaam na TANESCO, ambayo ilijengwa juu ya maporomoko ya Pangani ili kuihudumia Tanga na mashamba ya mkonge. Umeme huo haukuwa na methani ya kutajika, kwa sababu maporomoko ya Pangani yalitumika bila bwawa kubwa; lakini haukuwa na watu pia. Ulikuwa umeme wa mashamba na wa mitaa michache, na Mtanganyika wa kawaida alibaki na kuni zake.

Baada ya Uhuru, Serikali ilinunua hisa za kampuni hizo mwaka 1964, na TANESCO ikabaki kuwa shirika la umma la nchi nzima. Kituo cha Hale kilianza mwaka huo huo kikiwa na megawati 21, kikafuata Nyumba ya Mungu mwishoni mwa muongo huo, kisha Kidatu katika Ruaha Mkuu, kilichofunguliwa mwaka 1975 kikiwa na megawati 100 na kufikishwa 204 mwaka 1980. Ufipa haukufikiwa na lolote kati ya hayo. Umeme wa huko ulikuwa wa jenereta za dizeli mjini Sumbawanga, na wa mitambo midogo ya maji iliyowekwa na misheni za Kikatoliki, kama ule wa seminari ya Kaengesa.

Hapa ndipo njia ya tatu ya methani ilipoingia katika historia ya nchi. Ili Kidatu kisikose maji wakati wa kiangazi, lilijengwa juu yake bwawa la Mtera, mahali ambapo mikoa ya Iringa na Dodoma inapakana, nalo likapata kituo chake cha megawati 80 mwaka 1988. Mtera ni bwawa pana na la kina kifupi, katika nchi kame, ambalo maji yake husogea mbele na kurudi nyuma kwa kilomita nyingi kadiri mvua inavyopatikana. Yanaporudi nyuma, majani huota, mifugo huchungwa na mazao hupandwa katika ardhi yenye rutuba iliyoachwa wazi, na maji yanapopanda tena huifunika mimea hiyo mibichi. Majani laini, kinyesi cha mifugo na udongo wenye mboji ndio chakula kizuri zaidi cha vijidudu vinavyotengeneza methani, kwa hiyo bwawa la namna hii hulishwa upya kila mvua nzuri inapokuja. Lakini katika jedwali la umeme la mahesabu ya nchi hakuna hata gramu moja ya gesi hiyo. Miongozo ya Jopo hilo ya mwaka 2006 iliiweka methani ya ardhi iliyofurikishwa katika kiambatisho tu, kwa ajili ya kuendelezwa baadaye, na hata ilipopewa maelekezo kamili mwaka 2019 ilihesabiwa chini ya matumizi ya ardhi wala si chini ya umeme. Umeme wa maji ukaonekana safi kabisa katika karatasi, na usafi huo kwa sehemu ulikuwa wa kiuhasibu.

Maji yalipoanza kukosekana, karatasi zenyewe zilibadilika. Ukame wa miaka ya 1990 uliishusha Mtera na kuwafundisha Watanzania neno mgao, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, mtaa kwa mtaa. Mwaka 1995 ulitiwa saini mkataba wa IPTL, mtambo wa mafuta mazito wa megawati 100 huko Tegeta, ambao kwa sababu ya mabishano ya kisheria haukuanza kuuza umeme hadi mwaka 2002. Ukame mkali zaidi wa mwaka 2006 ulileta mitambo ya dharura na mkataba wa kampuni ya Richmond, ambao ulimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Wanahistoria wa siasa wameyaeleza mambo hayo vya kutosha. Kwa upande wa methani yalikuwa na uzito mdogo, kwa kuwa mafuta mazito na dizeli hutoa kabonidayoksaidi nyingi na methani kidogo sana.

Mabadiliko makubwa yalitoka Songo Songo. Gesi ya kisiwa hicho cha Kilwa iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa chini ya ardhi kwa miaka 30, ikafika Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004 kwa bomba la kilomita 230 hivi. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ilifuata kwa bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lililozinduliwa mwaka 2015, baada ya machafuko ya mwaka 2013 ambayo wananchi wa Mtwara walidai ndani yake kwamba mali iliyotoka kwao iwanufaishe kwanza wao. Ukame ulipoyafungia mabwawa mwaka 2015, gesi ilikuwa tayari imebeba zaidi ya nusu ya umeme wa gridi, na vituo vya Kinyerezi vikauongeza mzigo huo.

Gesi ya Songo Songo ni methani kwa takriban asilimia 97, na kwa hiyo swali la mwako hugeuka kuwa dogo mbele ya swali la uvujaji. Mtambo unaogeuza asilimia 40 ya nishati ya gesi kuwa umeme huhitaji kama kilo 180 za gesi kwa kila megawati-saa moja. Methani inayotoka katika bomba la moshi wake, kwa kiwango cha kilo 1 kwa terajuli, ni gramu 9. Lakini ikiwa sehemu moja tu katika mia ya gesi hiyo imeponyoka njiani, methani iliyopotea ni kilo 1.8, yaani mara 200 ya ile ya moshi. Mrija wenye ufa mdogo unaweza kuharibu hesabu yote nzuri ya mtambo wa kisasa, na kwa sababu methani haionekani wala hainuki, hakuna jicho wala pua itakayotoa taarifa. Kamera za mwanga usioonekana na vipimo vya angani hutumika leo duniani kuisaka. Nchi inayotaka mstari wake wa methani uaminike haina budi kupima mabomba yake yenyewe badala ya kuazima wastani wa nchi nyingine.

Wakati Dar es Salaam ilikuwa ikihamia kwenye gesi, Sumbawanga ilikuwa imegeukia upande mwingine. Mwanzoni mwa karne hii mji huo uliunganishwa na Zambia kwa njia ya umeme inayotokea Mbala, ng'ambo ya mpaka, na dizeli ikabaki kuwa akiba. Umeme wa Zambia ni wa maji kwa sehemu kubwa, na chimbuko lake kuu la kihistoria ni Kariba, bwawa lililokamilika mwaka 1959 katika mto Zambezi na kufanya ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 5,000. Watafiti walioupima ukingo wa ziwa hilo, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2011, walikuta mapovu mengi ya methani yakipanda katika sehemu ambako mito huingia na kutua matope yake, na machache sana kwingineko. Hivyo taa iliyowaka Sumbawanga ilikuwa na methani yake, lakini haikuandikwa Tanzania, kwa kuwa mahesabu ya kimataifa hufuata mpaka wa ardhi ambamo gesi imetoka, si mahali ulipotumika umeme. Kwa hesabu hiyo, mkoa wa Rukwa, ambamo Sumbawanga imo, ulionekana kuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa. Ukame wa Kariba wa mwaka 2015 na ule wa 2022 hadi 2024, uliowaletea Wazambia mgao wa saa nyingi kwa siku, ulionyesha pia jinsi ilivyo hatari kwa mkoa kutegemea ziwa la jirani, na ndiyo maana njia ya msongo wa kilovolti 400 ya mradi wa TAZA, kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ina maana kubwa kwa Ufipa.

Uwanda wenyewe una makaa ya mawe huko Namwele na Mkomolo, yaliyotajwa mara kwa mara katika mipango ya umeme. Uchimbaji wake ungefungua methani iliyofungwa katika tabaka hizo. Bado haujawa na uzito katika historia hii.

Maji ya Kasanga yana habari nyingine inayostahili kuangaliwa. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na kuanzia mita mia moja au mia mbili chini ya uso wake maji hayana oksijeni, kwa hiyo methani nyingi imeyeyuka humo, ikizuiwa isipande na tabaka za maji yasiyochanganyika na kuliwa na vijidudu kabla ya kufika juu. Kaskazini zaidi, Ziwa Kivu, ambalo maji yake hushuka kwa mto Ruzizi na kuingia Tanganyika, lina takriban kilomita za ujazo 60 za methani iliyoyeyuka. Wabelgiji walianza kuivuta karibu na Gisenyi mwaka 1963 kwa ajili ya kiwanda cha bia, na mwaka 2016 Rwanda ilizindua KivuWatt, mtambo wa megawati 26 ulioko Kibuye ambao huvuta maji ya kilindini, hutenganisha gesi na kuichoma ili kupata umeme. Huu ni mfano wa nadra ambapo kuzalisha umeme hupunguza methani inayoweza siku moja kulipuka kutoka ziwani na kuua watu.

Juu ya maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, upande wa kusini wa Kasanga, wachimbaji wa mambo ya kale walitangaza mwaka 2023 kuwa wamekuta magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu miaka 476,000 iliyopita. Yalisalia kwa sababu yalikuwa ndani ya mashapo yaliyojaa maji, ambamo oksijeni haikufika. Ugunduzi huo unaeleza jambo ambalo wahandisi wa mabwawa wanapaswa kulijua: gogo lililozama huoza polepole mno, na methani ya bwawa jipya hutoka zaidi katika majani, matawi madogo na udongo wa juu. Jambo hilo lilihusika moja kwa moja na Rufiji, ambako ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulizinduliwa Julai 2019 baada ya zabuni ya kuvuna zaidi ya miti milioni 2 ya eneo hilo. Kukata mashina huokoa mbao. Hakuondoi mzizi wa tatizo la methani ikiwa majani na mboji vimebaki. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na umeme wa maji ukarudi kuipita gesi.

Mambo yote hayo, ya mabomba na ya mabwawa, hupungua ukubwa yakiwekwa kando ya jiko. Mtambo wa dizeli unaogeuza theluthi moja ya nishati yake kuwa umeme hutoa katika moshi wake gramu 32 hivi za methani kwa megawati-saa. Tani moja ya mkaa, kiasi ambacho familia kubwa ya mjini inaweza kukimaliza kwa takriban mwaka mmoja, hutoa kilo 6 hivi ikiungua jikoni na, kwa viwango vya kukadiria vya mwaka 1996, kama kilo 30 ilipokuwa ikichomwa katika tanuru la porini. Kilo hizo 36 ni sawa na methani ya moshi wa jenereta zenye megawati 5, kiasi cha zile za Sumbawanga, zikifanya kazi kwa nguvu zote usiku na mchana kwa siku tisa. Dizeli haisafishwi na hesabu hii, kwa maana kabonidayoksaidi yake ni nyingi na gharama yake kubwa. Lakini hesabu yenyewe inaonyesha kwamba methani ya nishati nchini Tanzania ilipanda pamoja na idadi ya watu waliopikia kuni na mkaa, ambavyo kwa miongo mingi vimekuwa zaidi ya asilimia 85 ya nishati yote iliyotumika. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, uliufikisha waya kwenye vijiji vingi, vikiwemo vya Ufipa; taa ziliwaka, simu zikachajiwa, na karabai za wavuvi wa dagaa zikaanza kuachia nafasi taa za betri, ila chungu hakikuhama kutoka kwenye mafiga. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2024, umeweka lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na lengo hilo, likitimizwa kwa umeme wa bei ambayo mama wa Kasanga anaimudu, litapunguza methani kuliko ukarabati wa mtambo wowote.

Sharti lake ni kwamba umeme utakaotumika kupikia uhesabiwe kwa ukweli. Miongozo ya mwaka 2019 hulitenga bwawa lenye umri usiozidi miaka 20 na lile lililozidi, kwa sababu uozo wa miaka ya mwanzo ndio mzito. Kwa Rufiji, miaka hiyo imeanza Desemba 2022 na itaisha 2042, na kila mwaka unaopita bila kupimwa haurudi. Vyuo vikuu vya nchi, wasimamizi wa bonde la Rufiji na TANESCO wanapaswa kuweka vyombo vya kupimia juu ya maji hayo sasa, na kuchapisha wanachokipata.